Mkeka, Kitanda na Staha ya Alalaye

Yamezuka siku hizi miongoni mwa vijana wa mijini, hususan wale wanaosumbuliwa na maumivu ya mgongo kwa sababu ya kuketi mchana kutwa mbele ya meza za kazi, mazungumzo mengi ya kusifu kulala chini, na wako waliokwisha kuyaondoa magodoro vyumbani mwao, wakatandika mkeka juu ya sakafu, wakisema kwamba huko ndiko iliko afya waliyoikosa kitandani. Wazee wao huwatazama kwa mshangao uliochanganyika na uchungu, kwa kuwa walijinyima mengi ili watoto wao wasilale chini kama walivyolala wao, na leo huwaona wakirejea kwa hiari mahali walipotolewa kwa jasho. Mimi sioni sababu ya kumcheka kijana wala ya kumlaumu mzee. Kila mmoja ana haki yake katika shauri hili, na madhali haki hizo mbili hugongana katika nyumba nyingi, nimeona ni wajibu wangu kulieleza kwa urefu ninaloliamini: kwamba sakafu haimdhalilishi mtu wala haimponyi, kwamba staha ya usingizi hutokana na hiari ya alalaye na maandalizi ya malalo yake, na kwamba sisi, ambao tumeuonea haya mkeka kwa muda mrefu, hatujaona haya ya kutosha mbele ya watu tunaowalaza chini pasipo ridhaa yao.

Nianze na mkeka wenyewe, kwani si insafu kuyahukumu malalo bila ya kuyajua. Pemba na Unguja, Tanga na Pangani, Mafia na Lamu, mkeka mwema wa kulalia hutokana na makuti machanga ya mkindu, ambayo hukatwa kabla hayajafunuka, huanikwa juani hata yakageuka meupe, kisha huchanwa vipande vyembamba vilivyo sawa kwa upana. Sehemu ya ukindu huo hutokoswa katika rangi, nyekundu, zambarau au kijani, na sehemu huachwa na weupe wake. Mwanamke huketi ukumbini baada ya shughuli za jikoni, akausuka ukindu kuwa ukili, utepe mrefu unaoviringwa kadiri unavyozidi kukua hata ukafikia pima nyingi, na vidole vyake huijua njia yao kiasi cha kumwezesha kuzungumza na jirani, kumkanya mtoto na kuitikia salamu ya mpita njia bila ya kukosea jani moja. Ukili ukitimia hushonwa ukingo kwa ukingo, mkeka ukapatikana mpana na mwororo, kisha hutiwa pindo ili usifumuke. Ni kazi ya majuma, na aghalabu ya miezi, ambayo mnunuzi sokoni huikatia bei kwa dakika chache na bado akaona kuwa ameonewa.

Mkeka huo una jamaa zake, na kila mmoja una kazi yake. Jamvi ni la majani mapana na magumu, hutandikwa barazani na katika shughuli za watu wengi. Msala ni mdogo, wa kusalia. Kirago ni cha msafiri. Wenye safari ndefu za bara na mabaharia walikuwa na fumba, yaani mkeka mkubwa uliokunjwa na kushonwa pande zake, mtu akaingia ndani yake na kujifunika hata kichwa, umande ukabaki nje na mbu wakaimba bila ya kumpata. Huwa nikilifikiria fumba namstahi mtu yule asiyejulikana aliyelibuni, kwa kuwa alilala chini kwa akili, akiwajua maadui wa usiku na akijikinga nao kwa kile alichokuwa nacho mkononi. Mkeka humpokea mtoto mchanga, humfuata bibi arusi nyumbani kwa mumewe na humsindikiza maiti. Kitu kinachoandamana na mwanadamu katika saa zake zote kubwa si kitu cha kuonewa haya.

Tena nchi yenyewe hutuamuru. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, joto la mwambao linapojifungia ndani ya nyumba za mabati usiku kucha, godoro la sponji huwa adhabu: hulizuia joto la mwili lisipate pa kutokea, na shuka hulowa jasho kabla ya usiku wa manane. Miezi hiyo mimi hushuka chini, nikalala juu ya mkeka karibu na mlango wa uani ambapo upepo hupita, na sijapata kuona kwamba nimepungukiwa na kitu. Sakafu ni baridi, ukindu hauhifadhi joto, na mtu huamka mkavu.

Basi aibu hii ilitoka wapi? Nasema ilitoka juu ya vitanda virefu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 vitanda vya Kihindi vya nyumba za wakubwa, vyenye nakshi nyingi na vilivyoinuka sana hata ikampasa mwenye kulala apande kwa kiti au kwa kushikwa mkono na mtumishi. Na akaongeza, kama mtu aelezaye jambo la kawaida lisilohitaji kufikiriwa, kwamba nafasi ya uvunguni ilitumiwa mara nyingi kuwa mahali pa kulala yaya wa mtoto au muuguzi wa mgonjwa. Msomaji na ausimamishe moyo wake hapo kitambo. Chumba ni kimoja na usiku ni mmoja. Juu kuna firashi na takia, na chini yake, penye kivuli cha mbao zile zile, amelala mtu mwingine ambaye kazi yake ni kusikia sauti ya aliye juu. Kwa watu waliokulia katika nyumba za namna hiyo, wakubwa kwa watumwa, kwenda juu kwa malalo kulikuwa ndiko kupanda kwa daraja, na kushuka kwake kulikuwa ndiko kushuka kwa mtu.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, lakini kipimo kile cha kitanda hakikufutwa na sheria yoyote. Aliyepata uhuru alitaka kwanza kuinuka kutoka chini, na nani angemlaumu? Kununua kitanda, hata kiwe cha kamba chenye matendegu yasiyolingana, kulikuwa ni ushahidi kwamba mtu amekuwa mwenye nyumba. Likaja godoro la sufi, lenye kuanikwa na kupigwa fimbo ili lifumuke. Na baada ya wataalamu wa Leverkusen, Ujerumani, wakiongozwa na Otto Bayer, kuigundua mwaka 1937 kemia ambayo ndiyo asili ya sponji ya leo, hatimaye godoro jepesi likafika katika kila soko na mtu wa kipato cha kati akaweza kulala kama alivyolala tajiri wa jana. Hayo yote nayaita maendeleo, wala simsadiki mtu anayesema kwamba wazazi wetu walihadaiwa. Walichokikimbia kilikuwa cha kukimbiwa. Isipokuwa wakati wa kukimbia walidondosha na kile kilichokuwa chema, wakaona kwamba mkeka wenyewe ndio uliowadhili, ilhali aliyewadhili ni yule aliyewaamuru walale juu yake.

Dalili ya neno langu ni kwamba wenye hadhi kubwa kabisa katika imani na mila zetu walilala chini na hadhi yao haikupungua. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba firashi ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, ilikuwa ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende, na kwamba Sayyidna Umar alipoingia kwake na kuziona alama za mkeka juu ya ubavu wake alilia, akikumbuka anasa walizokuwa nazo Kisra na Kaisari. Aliyelala juu ya mkeka ule hakuwa mtu wa kukosa kitanda lau angetaka. Palikuwa na maelfu ya watu ambao wangemtandikia hariri. Alichagua, na katika kuchagua huko ndiko kulikokuwa na uzito ambao Umar aliuona hata machozi yakamtoka.

Na katika maisha yetu ya kila siku, fikiri matanga. Mtu anapofariki, vitanda huondolewa au huegemezwa ukutani, majamvi hutandikwa tangu ukumbini hata uani, na jamaa na majirani huja kulala matanga pamoja na waliofiwa. Mke wa mwenye duka kubwa na mwanamke auzaye maandazi asubuhi hulala ubavu kwa ubavu juu ya jamvi moja, kila mmoja na kanga yake, na hapana hata mmoja anayefikiri kwamba ameshushwa. Nimeona watu waliokuwa hawasemezani wakipatana juu ya majamvi hayo, usiku wa pili au wa tatu, kwa sababu ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye unamsikia akipumua karibu na kichwa chako. Kulala chini huko ni taadhima kubwa ambayo mtu anaweza kumpa mwenziwe, naye huitoa kwa hiari.

Sasa itazame mikono mingine ikishika kitu kile kile. Nelson Mandela alipopelekwa Robben Island mwaka 1964 kwenda kutumikia kifungo cha maisha, alipewa mkeka wa katani na mablanketi membamba, akalala juu ya sakafu ya saruji katika kisiwa chenye baridi kali na unyevu. Katani, zao ambalo watu wa Tanga wanalijua kwa mikono na migongo yao, haikuwa na hatia. Lakini mkeka ule ulikusudiwa kusema kitu kila usiku kwa mtu aliyelala juu yake, na ulisema. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa ulipozipitisha upya, mwaka 2015, kanuni za kuwatendea wafungwa, zikapewa jina la Mandela, ndani yake mliendelea kuwemo kanuni inayotaka kila mfungwa apewe, kwa kadiri ya desturi za nchi, kitanda chake mwenyewe na matandiko ya kutosha yaliyo safi. Mtu anaweza kusema kwamba mamilioni ya watu walio huru hawana kitanda, seuze mfungwa. Jibu ni kwamba aliye huru anaweza kuuhamisha mkeka wake akaupeleka penye upepo, akauanika, akaukunja au akautia moto, na mfungwa hawezi hata moja la hayo.

Baada ya kusema hayo juu ya hiari, nina maneno na kijana wangu juu ya maandalizi, maana hapo ndipo ninapomhofia. Katika pango liitwalo Border Cave, milimani Lebombo, mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, mtaalamu Lyn Wadley na wenziwe waligundua malalo ya nyasi yenye umri wa miaka ipatayo 200,000, na habari zake zikachapishwa mwaka 2020. Na nyasi zile zilikuwa zimetandikwa juu ya majivu, ambayo wadudu watambaao huyachukia. Katika pango jingine la Afrika Kusini, Sibudu, malalo ya miaka 77,000 yalitandikwa juu yake majani ya mti wenye dawa ya kufukuza wadudu, na wenyeji wake walikuwa na desturi ya kuyachoma moto matandiko yaliyochakaa. Habari hizi zinanigusa sana. Zinaonyesha kwamba hata kale hiyo ambayo akili zetu hazifiki, watu wa bara hili hawakujitupa juu ya ardhi tupu. Walilala chini kwa elimu.

Wajapani nao, ambao ni tajiri wa kutosha kulala juu ya kitu chochote wakitakacho, wamelihifadhi jambo hili kwa kuifanya sakafu yenyewe kuwa samani. Tatami yao ya asili ni tabaka nene la mabua ya mpunga lililofunikwa kwa mkeka wa matete laini, hapana mtu anayeikanyaga kwa viatu, na godoro jembamba linalotandikwa juu yake usiku hukunjwa asubuhi, likawekwa kabatini au likaanikwa juani. Wakorea walipitisha joto la moto chini ya sakafu zao ili baridi isimpate aliyelala. Anayewasifu watu hawa kisha akatandika shuka moja juu ya saruji, katika chumba kinachoingiwa na viatu kutoka sokoni, hajafuata mfano wao hata kidogo.

Nchi zetu zina maadui ambao Japani haina. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku, humnyonya mtu damu kwa muda mfupi na kurejea mafichoni kabla hajaamka, akamwachia homa inayokwenda na kurudi. Tabibu Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo nchini Kongo pamoja na mwenziwe John Todd, aliuawa nayo huko Kasongo mwaka 1905. Yuko nzi ambaye hutaga mayai katika vumbi la sakafu, na buu wake hunyonya damu ya waliolala chini, wala hana uwezo wa kumpanda aliye kitandani. Funza, au tekenya kama wengine wanavyomwita, alivuka bahari kutoka Marekani ya Kusini akaingia Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kulikata bara na kufika kwetu. Huyu hupenda vumbi kavu la nyumba zisizo na saruji, na watoto ndio wanaoteseka zaidi. Tusisahau nge na siafu. Kwa haki ni lazima niseme pia kwamba kitanda kina adui yake, kunguni, ambaye mbao na mishono ya godoro ni mastakimu yake, na kwamba mkeka unaoanikwa juani kila siku humnyima pa kukaa. Mbu hana ubaguzi. Chandarua chenye dawa huning'inizwa juu ya mkeka sawasawa na juu ya kitanda, mradi ncha zake zichomekwe chini ya mkeka pande zote.

Ama kuhusu mgongo, ambao ndio mwanzo wa safari ya kijana huyu, elimu ya tiba haijampa yote anayoyadai. Michael Tetley, mtaalamu wa viungo kutoka Uingereza aliyezunguka dunia akichunguza jinsi watu wanavyolala, aliandika mwaka 2000 katika jarida la madaktari wa nchi hiyo kwamba wahamaji na watu wa misituni, ambao hulala ardhini na bila ya mto, huugua mgongo na maungo kwa nadra kuliko watu wa mijini. Lakini hayo yalikuwa ni aliyoyakusanya safarini, hayakupimwa kwa mizani. Mwaka 2003 Francisco Kovacs na wenziwe wa Uhispania waliwapima watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, nusu wakapewa magodoro magumu na nusu magodoro ya ugumu wa wastani, na baada ya siku 90 waliokuwa juu ya yale ya wastani walikuwa na nafuu zaidi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao hulala juu ya ngozi na nguo karibu na moto, walichunguzwa pamoja na jamii nyingine mbili za wawindaji na wakulima katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ikaonekana kwamba jamii hizo hulala kiasi cha saa sita au saba hivi, si zaidi ya mtu wa mjini. Kwa hiyo yule ambaye godoro lake limebonyea katikati hata likawa bakuli atapata nafuu akishuka chini; lakini atapata nafuu vile vile akinunua godoro lililo imara. Mjamzito, mzee ambaye magoti yake hayamwinui, mgonjwa ambaye mifupa yake imekaribia ngozi na anayekaa Njombe au Limuru, ambako saruji huunyonya mwili joto lake usiku kucha, hao wote kitanda ni haki yao, wala wasidanganywe na sifa za mkeka.

Nimeuacha kwa mwisho upande wa wale ambao moyo wangu uko kwao. Katika nyumba nyingi za miji yetu, nyumba zenye vigae na majokofu, yumo msichana aliyeletwa kutoka kijijini kuja kulea na kupika, na malalo yake ni sakafu ya jikoni, au ya ukumbi baada ya wageni kuondoka na luninga kuzimwa. Halali mpaka wa mwisho alale, na huamka kabla ya wa kwanza kuamka. Mkeka wake hukunjwa alfajiri ukafichwa nyuma ya mlango, na mchana kutwa hapana alama katika nyumba ile kwamba kuna mtu anayelala hapo. Hana mlango wa kufunga. Wanaume wa nyumba hiyo, na jamaa zao wanaopita, hukatiza mahali alipolala usiku wanapokwenda kunywa maji, na mambo yaliyowapata baadhi ya wasichana hao katika saa hizo yanajulikana na kila aliyefanya kazi katika mahakama au zahanati. Sioni tofauti ya maana baina ya sakafu hiyo na uvungu ule alioueleza Sayyida Salme. Tumebadilisha kitanda, tumebadilisha sheria, na bado tunaye mtu aliyelala chini akisikiliza sauti ya aliye juu.

Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Geneva mwaka 2011 ulipitisha mkataba wa 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, na mkataba huo unataka kwamba anayekaa katika nyumba ya mwajiri apate makazi yenye staha na faragha yake iheshimiwe. Ni maneno machache, lakini yamebeba jambo zima. Hayasemi kitanda cha aina gani. Msichana mwenye chumba kidogo chenye mlango, komeo, dirisha na chandarua, akiamua mwenyewe kulala juu ya mkeka kwa sababu ndivyo alivyozoea kwao, yuko katika staha kamili. Na yule aliyepewa godoro nene lililotupwa njiani baina ya jiko na choo hayuko katika staha yoyote. Nimesikia waajiri wakijitetea kwamba wasichana hawa hawana habari na vitanda, kwamba kwao walilala chini maisha yao yote. Huko kwao walilala chini pamoja na mama zao na dada zao, wote sawa, katika chumba cha watu wao. Kumleta mtu mjini na kumlaza peke yake sakafuni mwa nyumba ambamo wengine wote wako vitandani ni jambo jingine kabisa, na mwenye kulala anajua hivyo hata asiposema.

Hali kadhalika wodi. Katika hospitali moja nilimokwenda kumtazama jamaa, niliona kina mama waliojifungua siku ile ile, wengine wawili wawili kitandani kwa mtindo wa mzungu wa nne, na wengine wamelala chini juu ya kanga walizokuja nazo, watoto wao wachanga wakiwa kifuani. Wauguzi walipita baina yao kwa uangalifu na huruma, wakifanya waliloliweza. Sikusikia hata mmoja katika kina mama wale akilalamika, na kimya kile kiliniuma kuliko malalamiko, maana kilikuwa ni kimya cha watu waliokwisha kufundishwa kwamba chini ndiko kwao.

Desturi yetu ya zamani ya ugeni ilikuwa na hukumu nyingine. Mgeni alipofika na kitanda ni kimoja, mgeni ndiye aliyepandishwa kitandani, na mwenye nyumba, hata awe mzee wa mji, alitandika mkeka wake chini pamoja na watoto, akaona kuwa ametukuka kwa kufanya hivyo. Mwenye nguvu alishuka ili asiye na nguvu apande. Kwa kanuni hiyo, kijana mwenye kupenda sakafu na mwenye godoro asilolihitaji hana haja ya kulitangaza sokoni kabla ya kumtazama aliyelala jikoni kwao.

Na maombi yangu hayahitaji fedha nyingi. Wanaojenga nyumba wakumbuke katika ramani zao chumba cha mtumishi kilicho na mlango na dirisha, kabla ya kukumbuka ukumbi wa pili. Wanaotoa sadaka hospitalini, ambao hupeleka sabuni na juisi na kupigwa picha, waulize kwanza wodi ya wazazi ina vitanda vingapi na walalao ni wangapi. Anayenunua mkeka wa Pemba au wa Tanga alipe thamani ya miezi iliyosukwa ndani yake. Na wazazi wa vijijini, ambao aghalabu hukubaliana na mwajiri juu ya mshahara tu, waulize pia mtoto wao atalala wapi, katika chumba gani na pamoja na nani; na mmoja wao afunge safari, ikiwezekana, akaonyeshwe chumba hicho na mlango wake kabla ya kumwacha binti huko.